Kulipia milio ya simu: ni urahisi au ni kutupa pesa?

NahodhaWaMkunguni
Assalam alaikum wana baraza. Mimi ni mwenye boti ya abiria, safari zangu ni kati ya Mokowe na Lamu mjini, na simu ndiyo ofisi yangu. Mpwa wangu amekuja likizo kutoka Mombasa, akapitia jumbe kwenye simu yangu, akagundua kwamba kila siku nakatwa salio kwa ajili ya kasida ambayo wanaonipigia huisikia wakati wanaponisubiri nipokee. Juu ya hiyo kuna mlio wa kuitia niliowahi kuununua kwa ujumbe mfupi. Alicheka sana, kisha akasema kwamba kijana yeyote anaweza kuniwekea mlio wowote bure kwa muda mfupi. Nilimjibu kwamba mimi sina nafasi ya kukaa kivulini nikikata nyimbo; nabonyeza nambari, mlio unaingia, kazi imekwisha, na huo urahisi ndio ninaoulipia. Yeye hakuridhika na jibu hilo, na kusema kweli hata mimi halikunitosha. Nauliza basi: yupo mwenzangu anayelipia milio na kuona kwamba pesa yake haipotei? Na anayeona kwamba ni upuuzi, atueleze kwa nini.

BintiShela
Waalaikum salaam Nahodha. Kabla watu hawajaanza kukushambulia, ni vyema tukatenganisha mambo mawili ambayo mpwa wako ameyachanganya. Mlio wa kuitia ni faili iliyomo ndani ya simu yako, wewe ndiye unayeusikia, na huo kweli anaweza kukuwekea bure. Kasida wanayoisikia wanaokupigia haimo katika simu yako hata kidogo. Imehifadhiwa kwenye mitambo ya mtandao, na mtu anapokupigia, mtambo humchezea wimbo badala ya ule mlio wa kawaida wa kusubiri. Ndiyo sababu inafanya kazi hata kwa simu ya kabambe isiyojua kucheza wimbo wowote, na ndiyo sababu ukizima simu mpigaji hupata tangazo la mtandao na si kasida. Huduma hii ilianza kuvuma Korea Kusini mwaka 2002 kupitia SK Telecom, na hapa kwetu Safaricom waliileta mwaka 2009 kwa jina la Skiza. Kwa hiyo mpwa wako hawezi kukuwekea hiyo bure hata akikesha. Swali lako limebaki palepale, lakini sasa ni maswali mawili.

FundiWaMokowe
Bi Shela amesema kweli kuhusu ule wa pili. Kuhusu ule wa kwanza, niseme kama mtu aliye kazini kila siku. Kwa simu nyingi za Android hakuna kinachohitaji malipo: unaiweka faili ya wimbo kwenye folda ya milio, unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya sauti, unauchagua, basi. Ukitaka kuanzia pale kibwagizo kinapoanza, ziko programu ndogo za kukata wimbo, na hazihitaji elimu yoyote. Wateja wangu wazee huleta simu na memori kadi, nami huwajazia nyimbo na kuwawekea mlio kwa shilingi hamsini, na wakati huohuo nawafutia takataka zilizojaa. Nahodha, wewe hupita mbele ya kibanda changu kila siku, na hujawahi kusimama.

NahodhaWaMkunguni
Fundi, nikisimama kibandani kwako abiria wataondoka na boti ya mwenzangu. Lakini shilingi hamsini zako nazo ni malipo, kwa hiyo na wewe pia unauza urahisi.

FundiWaMokowe
Nauza urahisi mara moja. Wao wanakuuzia kila siku mpaka ufe.

WakiliMtulivu
Naomba kuingilia, kwa kuwa jambo moja linapitwa kana kwamba halipo. Kumjazia mteja nyimbo kwenye memori kadi kwa malipo ni kunakili kazi ya mtu bila idhini yake, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hailichukulii jambo hilo kuwa ni utani. Sisemi hivi ili kumtisha Fundi, bali kwa sababu neno "bure" katika mazungumzo haya lina mtu nyuma yake ambaye hakulipwa. Upande wa pili wa mizani, nyimbo za kusubiria zina mgao uliowekwa na sheria: marekebisho ya mwaka 2022 yaliagiza kwamba mwenye wimbo asipungukiwe na asilimia 52 ya mapato, kampuni ya simu ipate asilimia 39.5, na mtoa huduma aliye kati yao apate asilimia 8.5. Nahodha, katika kila shilingi unayokatwa, sheria inamtazama zaidi aliyeiimba kasida ile kuliko mtu mwingine yeyote.

KitukuuWaPate
Wakili, mimi nilikuwa nikiamini kama wengi kwamba kampuni ya simu ndiyo inayobeba fungu la simba. Hata hivyo, huyo wa katikati mwenye 8.5 anafanya nini hasa hata astahili kiasi hicho? Msanii ametunga, ameimba, amelipia studio. Kampuni ya simu ina mitambo, minara na wafanyakazi. Yule wa katikati amepokea faili kutoka kwa huyu akampelekea yule.

WakiliMtulivu
Kwa maelezo yao wenyewe, wao huziandaa nyimbo, huzisajili, huzipa nambari za kuombea, huzitangaza na kushughulikia hesabu na wasanii. Kama hayo yana thamani ya asilimia 8.5 ni jambo la kujadiliwa, na kabla ya sheria ile lilijadiliwa kwa ukali sana.

MjaWaMalindi
Nanyi watu wa Lamu msisahau kwamba vita vya pesa hizi vilipiganwa hapa kwetu Malindi. Mwaka 2016 wasanii wawili walikwenda Mahakama Kuu ya Malindi kupinga utaratibu uliotaka malipo ya nyimbo za kusubiria yapitie kwenye vyama vya kukusanya mirabaha badala ya kumfikia msanii kwa njia aliyoichagua mwenyewe. Mahakama ilikitangua kifungu cha 30A cha Sheria ya Hakimiliki, kwa hoja kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo wakati kilipotungwa na kwamba kinaingilia haki ya mtu juu ya mali yake. Nakumbuka siku zile kila aliyewahi kuimba hata harusini alijiona ni milionea.

WakiliMtulivu
Ni kweli, ila iongezwe kwamba katika mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi nyingine, ilikitazama kifungu hichohicho na kuona kwamba hakikukiuka Katiba. Kwa hiyo haikuwa sahihi kwa yeyote kusema wakati ule kwamba jambo limekwisha.

MjaWaMalindi
Wakili, wewe hata sikukuu utaitafutia hukumu inayopingana nayo.

MwalimuFaza
Habari za jioni. Vijana wanaozungumzia "bure" kana kwamba ilianza jana wajue kwamba zamani kulipia kulikuwa na sababu nzito zaidi. Biashara ya kuuza milio kwa ujumbe mfupi ilianzia Ufini mwaka 1998, na Mfini Vesa-Matti Paananen ndiye hutajwa kuwa aliibuni. Simu za wakati ule hazikuweza kucheza wimbo uliorekodiwa. Ziliweza kutoa sauti moja baada ya nyingine tu, basi uliyekuwa ukimlipa alikuwa amekaa chini akazipanga noti moja moja kwa niaba yako.

Asiyetaka kulipa alikuwa na njia. Kwenye Nokia 3310 ya mwaka 2000 kulikuwa na sehemu ya kujitungia mlio: vitufe kutoka 1 hadi 7 vilikuwa do mpaka si, sifuri ilikuwa kimya, 8 ilifupisha noti na 9 iliirefusha, kitufe cha nyota kilibadilisha oktava, na alama ya reli iliipandisha noti nusu hatua. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulinakiliana tarakimu hizo kwenye daftari, ukurasa mzima kwa wimbo mmoja, na ukikosea tarakimu katikati wimbo mzima uliharibika. Wenzangu wa bara walifanikiwa kutunga nyimbo zao. Mimi nilitaka taarabu, na nilipomaliza kila aliyesikia aliniuliza simu imeingia maji au vipi. Baadaye ndipo nilipoelezwa na mpiga udi mmoja kwamba maqamu nyingi, yaani ngazi za sauti zitumiwazo katika taarabu, zina sauti zinazokaa katikati ya noti mbili za kinanda, na simu ile haikuwa na mahali pa kuzibonyeza. Nilijaribu kubonyeza kitu ambacho hakikuwapo. Kwa hiyo wakati ule ningelipa kiasi chochote, ila hakuna aliyekuwa akiuza nilichokitaka.

DadaHalua
Mwalimu, taarabu ya simu iliyoingia maji! Nimecheka mpaka mteja wangu amekimbia.

KitukuuWaPate
Na ule mlio maarufu wa Nokia wenyewe haukuwa wao. Ulikatwa kutoka kipande cha gitaa alichotunga Mhispania Francisco Tárrega mwaka 1902. Yaani hata kampuni kubwa ilichukua kazi ya marehemu ikakata sehemu iliyoipenda. Fundi, una wenzako.

WakiliMtulivu
Tárrega alifariki mwaka 1909, na kazi yake haikuwa tena chini ya ulinzi walipoichukua. Kwetu Kenya, kazi ya muziki hulindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na rekodi yenyewe hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo unaweza kuwa na sahani ya santuri ya taarabu ya miaka ya 1960 ambayo rekodi yake imetoka katika ulinzi, lakini mashairi na muziki bado ni mali ya warithi.

FundiWaMokowe
Wakili, mteja akija na memori kadi nimuulize kwanza cheti cha kifo cha mtunzi?

DadaHalua
Tumecheka vya kutosha, sasa nami niseme langu. Mimi nalipia wimbo wa kusubiria na siachi, na sababu yangu si urahisi. Mama yangu hajui kusoma. Majina kwenye simu yake kwake ni michoro tu, na anapopiga hubonyeza kwa kukumbuka mahali jina lilipo kwenye orodha. Jina jipya likiingia orodha husogea, na yeye humpigia mtu mwingine akaanza kumweleza habari za nyumbani. Tangu nilipoweka kasida anayoipenda, akiisikia tu anajua amenipata mimi, na asipoisikia anakata kabla hajapoteza salio. Ndugu yangu aliye Malindi ana wimbo wake, na dada yetu ana wake. Mama anatutambua kwa sauti kabla hatujapokea. Huyo mpwa wa Nahodha anaweza kuniambia nitafanyaje hilo bure?

BintiShela
Dada, hiyo ni sababu ambayo sikuwahi kuifikiria. Kumbe anayenufaika si anayelipa wala si msanii, ni anayepiga.

MpigaHesabu
Samahani, nasoma tangu mwanzo kwa ukimya. Hoja ya Dada Halua naiheshimu, lakini tusiigeuze kuwa hoja ya kila mtu. Wengi wanaolipia hawana mama asiyejua kusoma, na wengine hawakumbuki hata kwamba wanalipa. Hebu tuchukue mfano wa shilingi moja kwa siku: mwaka mmoja ni shilingi 365, na miaka mitano ni 1,825, kwa wimbo ambao mwenyewe hausikii. Mtu huyohuyo ukimwambia atoe 1,825 kwa mkupuo mmoja ili rafiki zake wasikie wimbo wakimpigia, atakuuliza kama una akili timamu. Malipo haya yanadumu kwa kuwa ni madogo mno kuonekana na yanakatwa kwenye salio ambalo tumeshalihesabu kuwa limetumika. Tukumbuke pia kwamba salio lenyewe tunalinunua likiwa na ushuru wa asilimia 15 tangu mwaka 2023, na VAT ya asilimia 16. Kwa maoni yangu urahisi unaouzwa hapa ni urahisi wa kusahau.

MjaWaMalindi
Mpiga Hesabu, kwa hesabu hiyo hata chai ya jioni tuache.

MpigaHesabu
Chai unaihisi mdomoni. Wimbo wako wa kusubiria hujawahi kuusikia.

AliyeKatwa
Mimi ni shahidi wa maneno ya Mpiga Hesabu. Mtandao nilioutumia wakati huo sitautaja. Nililetewa ujumbe kutoka nambari fupi ukinipongeza kwa kupata mlio wa wiki, nikaufuta bila kuusoma hadi mwisho. Tangu hapo kila nikiweka salio asubuhi, jioni halipo lote. Nilidhani ni mtoto anayecheza na simu, nikamficha simu, salio likaendelea kupungua. Hatimaye nilipiga huduma kwa wateja, nikaambiwa kwamba nilikuwa nimejiunga mimi mwenyewe na kwamba nitume neno la kujiondoa kwenye nambari fulani. Nilituma, nikajibiwa kwamba neno hilo halitambuliki. Nilipotuma tena kwa herufi kubwa ndipo lilipotambulika. Kujiunga hakukuhitaji hata herufi moja kutoka kwangu, lakini kutoka kulihitaji herufi kubwa. Pesa iliyokwisha kukatwa haikurudi. Tangu siku hiyo simu yangu inalia ule mlio iliyotoka nao kiwandani.

KitukuuWaPate
Pole sana ndugu. Mtego wa namna hiyo si wa kwetu peke yetu. Mwaka 2005 Uingereza nzima ilichoshwa na mlio wa chura mwendawazimu uliouzwa na Jamba ya Ujerumani, tangazo lake likirushwa kwenye televisheni mchana kutwa, na watu wengi, wakiwemo wazazi wa watoto walioutaka, walilalamika kwamba walidhani wananunua mlio mmoja kumbe wamejiunga na huduma ya kulipia kila wiki. Juu ya hayo chura yuleyule akatolewa kama wimbo ukashika nambari moja huko. Wakati ule milio ilikuwa biashara nzito kiasi kwamba jarida la Billboard la Marekani lilikuwa limeanzisha chati ya milio ya simu mwaka mmoja kabla, 2004.

MaalimRiyadha
Assalam alaikum. Nimeona kasida inatajwa, na hilo halina shaka kwangu. Mwezi wa Mfungo Sita mimi mwenyewe huweka kasida na huiondoa baadaye. Lakini wapo wanaoweka aya za Qur'ani au adhana kama mlio, wengine wakiamini kwamba kulipia hivyo ni namna ya sadaka. Nawaomba watafakari. Simu ikiita, mtu huipokea pale alipoishika, na aya hukatika katikati, pengine maana ikageuka. Simu hiyohiyo huita ikiwa mfukoni mwa mtu aliye chooni. Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Ali Gomaa, alilizungumzia jambo hili mwaka 2010 na kulikataza kwa sababu za namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mlio una thamani ya pesa, mwenye kuweka aya aulize kama kitu hicho ni cha kuwekwa hapo.

DadaHalua
Shukran Maalim. Je, hukumu hiyo inaingia pia kwenye wimbo wa kusubiria, ambao haulii chooni kwa mwenye simu?

MaalimRiyadha
Kukatika katikati kuko palepale, binti yangu, maana ukipokea tu aya inakatwa. Na huwezi kujua anayekupigia amesimama wapi.

FundiWaMokowe
Nahodha, turudi kwako, maana tumekuacha. Nimekuona boti ikiwa katikati ya mkondo na simu ikikuita usisikie. Mlio ulionunua ni wa udi na sauti nzito ya mwanamume, na spika ya simu ni ndogo kama kucha. Sauti nzito haiwezi kuzitoa ipasavyo. Mashine ya boti nayo inanguruma kwa sauti hizohizo nzito, kwa hiyo kidogo kinachotoka kinamezwa. Sikio la binadamu linazisikia vizuri zaidi sauti za juu, zile za kati ya mizunguko elfu mbili na elfu tano kwa sekunde. Mlio wa kiwandani unaochukiza, ule wa kulia kama kengele, ndio utakaoupita mngurumo wa mashine. Manahodha wengi niliowahudumia nimewawekea huo, wakanilaumu wiki ya kwanza, kisha wakanyamaza. Uzuri wa mlio na kusikika kwake ni vitu viwili, na kinacholipiwa kwa kawaida ni uzuri.

NahodhaWaMkunguni
Sasa hapo Fundi umenigusa, kwa sababu wiki iliyopita nilikosa watalii wa Manda kwa kutosikia simu, nikamlaumu aliyenipigia.

MgeniMwenyeTofaa
Naomba kuuliza upande wa aifoni, kwa kuwa nafanya kazi katika hoteli ya Shela na wageni huniachia simu zao za zamani. Fundi anasema ni kuweka faili kwenye folda. Kwenye yangu sikuiona folda hiyo.

BintiShela
Huko ndiko kulipia kulikokuwa na hoja kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Apple walianza kuuza milio Marekani kwa senti 99, na ilibidi uwe umekwisha kuununua wimbo wenyewe kwa senti nyingine 99; yaani unalipa mara mbili kwa sauti ileile, mara ya pili kwa ajili ya sekunde 30. Njia ya bure ilikuwepo: unaingiza wimbo kwenye programu ya GarageBand, unaukata, kisha unautoa kama mlio. Nimewahi kumfundisha mtu hatua hizo kwa simu, na hadi leo haongei nami vizuri. Kama simu yako inapokea mfumo uliotoka mwaka 2025, iOS 26, mambo yamelainika: faili fupi isiyozidi sekunde 30 unaweza kuifungua kwenye sehemu ya mafaili na kuifanya mlio moja kwa moja. Kama ni simu ya zamani isiyopokea mfumo huo, utarudi kwenye GarageBand au utalipa.

MgeniMwenyeTofaa
Ahsante. Ni ya zamani. Nitalipa.

MpigaHesabu
Kuna kitu cha tatu hakijatajwa, nacho ni programu zinazotoa milio bila malipo, kama Zedge. Hizo hulipwa kwa matangazo, na kila tangazo la video linakula bando lako. Kisha programu yoyote ya Android inayotaka kukuwekea mlio lazima uipe ruhusa ya kubadilisha mipangilio ya simu, na ikitaka kumwekea kila mtu mlio wake itakuomba orodha ya majina. Baadhi zinahitaji ruhusa hizo kwa kazi hiyo tu, na baadhi sina imani nazo. Mtu aliyeziruhusu zote kwa kuharakisha amelipa kwa kitu ambacho hakiwezi kurejeshwa kwa neno la kujiondoa, hata kwa herufi kubwa.

AliyeKatwa
Herufi kubwa hizo zitanifuata hadi kaburini.

KitukuuWaPate
Nikikusanya yaliyosemwa, Mpiga Hesabu anasema watu hulipa kwa sababu wamesahau, Dada Halua hulipa ili mama amtambue, na Nahodha hulipa kwa sababu hana nafasi. Mimi nadhani mmeacha sababu iliyo wazi zaidi katika mji wetu, nayo ni kujionyesha. Mtu huweka wimbo wa kusubiria ili mpigaji ajue yeye ni mtu wa namna gani. Mfanyabiashara huweka kasida aonekane mcha Mungu, kijana huweka wimbo mpya aonekane yuko na wakati, na aliyeachwa huweka taarabu ya mafumbo akijua kabisa nani atapiga. Mafumbo ya taarabu yalikuwa yakiimbwa mbele ya aliyekusudiwa, na sasa yanamngojea mwenyewe apige.

DadaHalua
Hilo la mafumbo ni kweli tupu. Namjua mmoja aliyebadilisha wimbo wa kusubiria mara tatu katika wiki moja ya ugomvi, na mke mwenza alipiga kila mara ili asikie jipya, akakata kabla simu haijapokelewa.

MjaWaMalindi
Basi huyo mke mwenza amesikiliza bure kabisa, na aliyelipa ni mwenye hasira!

MwalimuFaza
Mimi siafiki kwamba ni kujionyesha tu. Katika kundi la walimu wenzangu wapo walioweka nyimbo za wasanii wa hapa kwetu kwa makusudi, wakijua kwamba msanii wa Lamu hana pengine pa kupatia kipato kutoka kwa watu wasionunua kanda wala kwenda ukumbini. Ile asilimia 52 aliyoitaja Wakili, kwa msanii mdogo mwenye watu mia wanaolipa kila siku bila kukoma, ni pesa inayoweza kulipa kodi ya nyumba.

MpigaHesabu
Kwa shilingi moja kwa siku na watu mia, ni shilingi 52 kwa siku, kama 1,560 kwa mwezi, na hapo ni kama hakuna kilichotolewa kabla ya mgao. Inategemea nyumba ipo wapi, Mwalimu.

MwalimuFaza
Faza ipo.

NahodhaWaMkunguni
Nawashukuru nyote. Mlio wa kuitia Fundi atanibadilishia kesho nikitia nanga Mokowe, na aniwekee huo unaochukiza. Kasida ya kusubiria bado sijaamua. Mpwa wangu amesoma uzi huu wote na anasema hoja ya Dada Halua ndiyo pekee inayomzuia, lakini ananiuliza nani kati ya abiria wangu asiyejua kusoma.

DadaHalua
Mwambie aanze na mama yake, maana ni dada yako, na juzi alinipigia mimi akidhani ni wewe, akaniuliza kama boti ya saa kumi imejaa.